Siku ya Tatu Bila Mfalme

Benchi la mbele ya karakana ya Gunnvor, mchonga vitana, lilijaa tangu asubuhi. Mfalme alikuwa ametoka mjini Jorvik siku tatu nyuma, kapita lango la magharibi na askari wake, na hakuna aliyejua aliko. Kila mtu mjini alikuwa na lake la kusema. Gunnvor alikwangua pembe ya kulungu huku macho yakiwa barabarani. Mdogo wake, Ketilbern, alikuwa mmoja wa askari hao.

Ulfkel fundi viatu, waliyemwita Mluzi kwa pengo lake, alikumbatia jagi la pombe ya shayiri na kudai mfalme amekwenda kugawana nchi na mwenzake wa kusini. Asgaut alimcheka. Huyu walimwita Nahodha, ingawa hata mto huvuka kwa kushikwa mkono.

— Siasa huijui, Mluzi. Jamaa wa Dublin wanakuja na merikebu mia. Jioni tuna mfalme mpya.

— Jana ulisema arobaini.

— Zimezaana.

Mluzi akasema basi taji atavaa askofu. Nahodha akaapa kwamba mfalme halisi alikufa zamani, aliyekuwa akitawala ni mtu wa kufanana naye. Gunnvor aliwaomba wapunguze sauti. Mwaka jana watu walinyongwa kwa maneno machache kuliko hayo. Akaenda tena hadi mwisho wa mtaa, akachungulia, akarudi.

Ndipo akaja mama mmoja mgeni akivuta farasi, matope hadi magotini. Mluzi akampa jagi. Alikunywa akiwa amesimama.

— Nyinyi ndio watu wa mfalme?

— Inategemea yupi, mama, akajibu Mluzi.

— Yule aliyelala kule nyikani, njia ya milimani. Waliviziwa juzi, yeye na askari wake wote. Kunguru wameshatua. Nani anakwenda kuwazika?

Nahodha alisogea mwisho wa benchi. Mluzi alilichukua tena jagi lake. Atakayewazika atajulikana alikuwa upande gani, na hakuna pale aliyetaka kumjibu mfalme mpya kwa hilo.

Gunnvor alivua aproni, akaingia ndani, akatoka na koleo.

— Dada, subiri kwanza tujue nani anatawala, Nahodha akamwambia kwa upole.

Gunnvor alikuwa ameshamgeuza farasi.

— Nionyeshe njia, mama.