Koala Aliyepewa Jina la Fortunat

Benchi letu liko nje ya duka la Madhu, pale Wembley, kati ya magunia ya vitunguu na mlango wa dobi, na ukipita Jumamosi asubuhi utatusikia kabla hujatuona. Madhu ni mzaliwa wa Kisumu. Tunamwita Meya kwa sababu barabara nzima anaiona mali yake. Mahmood wa Unguja anasukuma vitanda vya wagonjwa hospitali, basi ndiye Daktari wetu, na chupa ya kahawa ni yake. Albert wa Tabora, mlinzi wa uwanja wa mpira, alikata rufaa ya makaratasi yake ya kuishi huku mpaka sheria zikamkaa kichwani, huyo ni Wakili. Na kule mwisho wa benchi, kichwa kimeegemea kioo cha duka na kinywa kiko wazi, ni Fortunat wa Uvira, anayesafisha maofisi usiku na kuja kulala kwetu mchana. Tunamwita Usingizi. Mimi naendesha basi, na pale kazi yangu ni kusikiliza tu, ingawa wenzangu watakwambia vingine.

Sasa, Nishma binti wa Madhu alikuwa amekwenda Australia kufanya kazi kwenye hospitali ya koala, wale wanyama wa manyoya wanaolala mitini kutwa. Usicheke, ipo. Siku moja wakaletewa koala aliyegongwa na gari, mkono umevunjika, naye akalala na plasta yake, kinywa wazi, hana habari na dunia. Wenzake wakamwambia Nishma ampe jina. Akampa Fortunat. Picha ikaja, Madhu akaibandika kwenye kioo, juu kabisa ya pale Usingizi anapoegemeza kichwa, na sisi tukacheka mpaka mtu wa dobi akatoka kuuliza kuna nini.

Fortunat hakucheka. Kwao, mtu akipewa jina lako basi ni wako. Anaitwa ndoyi. Akiugua unamuuguza, akitoka hospitali unampelekea nguo. Na kweli, alileta kipande cha kitenge kizuri, akamwomba Madhu akitume Australia. Madhu akakituma. Tangu hapo kila Jumamosi kabla ya kulala anauliza: "Ndoyi yangu anaendelea namna gani?"

Jumamosi ninayoisimulia ndiyo Nishma alikuwa apige simu kusema wamemwachia porini. Fortunat alikuja, akakaa, na hakulala. Tukaingiwa na hofu.

— Mkono umepona kabisa, alisema Madhu. Wanampeleka kwenye mti ule ule alikookotwa.

— Mti wa pale barabarani? Fortunat aliruka. Barabara ya ile gari?

— Ndiyo utaratibu wao, bwana. Unarudishwa pale pale ulipotolewa. Miti anayoijua iko hapo.

— Na gari anazozijua ziko hapo pia!

Wakili aliweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini ujue kesi imefunguliwa.

— Aisee, huyo angekata rufaa. Unasimama mbele ya hakimu unasema, mheshimiwa, nikirudishwa kule maisha yangu yako hatarini. Ushahidi? Mkono huu hapa.

— Atasemaje na yeye koala? nilimuuliza.

— Anapewa mkalimani. Ni haki yake.

Daktari alikuwa anatikisa kichwa muda wote, anasubiri zamu.

— Mie la mkono hata halinishughulishi. Hebu niambieni, mnyama huyu anakula nini?

— Majani ya mkaratusi, alisema Madhu. Hayo tu. Nishma anasema hagusi kingine.

— Haya. Kwetu mtu akishikwa na mafua anafanywaje? Yanachemshwa majani ya mkaratusi, anajifunika blanketi, anajifukiza, kesho yuko sokoni. Sasa huyu dawa anaila asubuhi, mchana, jioni. Hospitali kaendea nini?

— Amegongwa na gari, Daktari, alisema Madhu. Mkaratusi hauzuii gari.

— Nani kasema hauzuii? Kazidisha! Dawa ukizidisha inalevya. Ndiyo maana analala kutwa. Kalewa, kashuka mtini, kavuka njia hatazami kulia wala kushoto.

— Basi dereva hana kosa, alisema Wakili, akanigeukia. Wewe ni dereva. Koala mlevi akikuingilia njiani, unashtakiwa?

— Kwenye njia yangu hawapo.

— Jibu swali.

— Ndoyi yangu hanywi, alisema Fortunat.

— Hakuna aliyesema anywa, yakhe. Anakula. Daktari alijisogeza mbele, akashusha sauti namna anavyofanya akitaka barabara nzima imsikie. Na mimi nawaambieni jambo. Ile dawa ya kuchua mgongo, ya kwenye kichupa, inayonuka mkaratusi. Mnadhani inatoka wapi?

— Kiwandani, alisema Madhu. Ninayo dukani.

— Inatoka kwa koala. Wanamkamua.

— Wanamkamua koala?

— Jasho lake! Ndiyo maana wanamtibu bure. Nani duniani anatibu bure?

— Hospitali yako wewe, alisema Madhu.

— Ile mbali. Sisi hatuna cha kukamuliwa.

— Hujaangalia makato ya mshahara wako, alisema Wakili. Lakini hapo umekosea, Daktari. Si jasho. Mimi najua wanachotaka. Kabla hawajamwachia wanamtia kidude sikioni, chenye namba. Kwa hiyo hajaachiwa kweli, ameachiwa kwa masharti. Kila wiki lazima aripoti. Asiporipoti, wanamfuata juu mtini.

— Anaripoti wapi? Fortunat aliuliza, na sauti yake haikuwa ya utani.

— Kuna mti wa serikali. Anapanda, anasaini, anashuka.

Tulicheka. Hata Madhu, ambaye jicho halikuwa limetoka kwenye simu ya dukani. Kisha tukaona tunacheka bila Fortunat.

— Miye nilifunguliwa vile, alisema.

Alikuwa anaangalia ile picha kwenye kioo.

— Detention, kule wanafungia watu bila makaratasi. Asubuhi walikuja, wakanipatia vitu vyangu ndani ya mfuko wa plastiki, na tiketi ya treni, wakafungua mlango. "You're free to go." Nikauliza ule mlinzi, kwenda wapi? Akacheka. Alifikiri nafanya mchezo. Kupona ni vizuri. Mlango kufunguliwa ni vizuri. Lakini ndoyi yangu, iko nani kule anamungoja? Hiyo ndiyo inanikatalia usingizi leo.

Daktari alimmiminia kahawa. Mimi niliona haya kwa kile kicheko cha mti wa serikali.

Simu ikalia. Madhu aliingia ndani mbio, akaongea Kigujarati, akaongea Kiingereza, akasema "really?" mara nyingi, akatoka anafuta miwani kwa shati.

— Wamemwachia. Jioni ya kwao hii. Kikapu wamekiweka chini ya mti, wakafungua mlango, wakarudi nyuma.

— Halafu? alisema Fortunat.

— Hakutoka. Mlango uko wazi, yeye amekaa ndani tu anautazama. Nishma anasema walisimama mpaka miguu ikafa ganzi.

— Niliwaambia, alinong'ona Fortunat.

— Kisha akatoka pole pole, akaunusa mti, akapanda. Kwa mikono yote miwili. Akafika kwenye tawi, akakaa.

— Halafu?

— Halafu akalala.

Kelele tulizopiga! Daktari alimkumbatia Wakili, jambo ambalo halijawahi kutokea. Fortunat alijifuta uso kwa viganja vyote viwili, akacheka peke yake kwa muda, akaegemea kioo.

Hapo ndipo tulipomwona mama mmoja amesimama mlangoni na mfuko wa unga wa muhogo mkononi. Alikuwa ameshanunua, ila maneno yalimnasa. Alisema anaitwa Bijou, amehamia juzi kutoka Thamesmead.

— Mnisamehe, ba papa, wazee wangu. Huyu papa, siku walimufungulia mlango, nani alimupokea?

— Mimi! alisema Daktari. Kahawa ya kwanza aliyokunywa Wembley ni yangu.

— Alikula mkate wangu, alisema Madhu.

— Makaratasi yake nani aliyasoma? alisema Wakili.

— Lakini nani alimuleta hapa?

Daktari alimtazama Madhu.

— Si mtu wako? Nilimkuta hapa kalala kwenye kioo chako. Nikadhani umemwajiri.

— Mimi? Nilidhani ni mgeni wako wewe. Ulikuwa unampa kahawa!

— Nampa kahawa kwa kuwa ni mtu wako!

— Mimi nilidhani ni mteja wa dobi, alisema Wakili. Nikasubiri nguo zake zikauke nimuulize. Kisha nikasahau.

Wote wakanigeukia. Mimi miaka yote nilidhani ameajiriwa kulinda vitunguu.

— Basi alifika namna gani? alisema Bijou. Huyu ni mgeni wa nani?

Tuligeuka tumuulize mwenyewe, tukamkuta kinywa wazi, kichwa chini ya picha ya ndoyi yake, anakoroma. Labda alikuja hivyo hivyo, alipitiwa na usingizi kwenye treni, akashuka alipoamka. Daktari aliinua chupa kumjazia Bijou kikombe. Ikatoa matone mawili, ikaisha.

Madhu alisukuma gunia moja la vitunguu kwa mguu, ikabaki nafasi kwenye benchi.

— Kaa, mama, usisimame na mzigo. Naenda kuchemsha kahawa nyingine.

Bijou akakaa. Mtu wa dobi alitoka, akamtazama, akatutazama sisi, akamsalimia, akarudi ndani bila kuuliza ni mtu wa nani.