Bi. Sabira na Mbega wa Dzivani Ndogo

Leo Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, Bi. Sabira Qaidjohar anastaafu baada ya kukitumikia kituo chetu cha utafiti wa wanyamapori kwa miaka thelathini na minne na miezi mitatu. Miezi hiyo mitatu aliniagiza mwenyewe niitaje. Hapendi hesabu ipunguzwe ili ipendeze masikioni.

Alianza kazi Machi 1991, kituo kilipokuwa vyumba viwili tu karibu na mtaa wa Buxton, na kazi ilikuwa kuhesabu wanyama kwa darubini. Alikuja kwa miguu kutoka Kibokoni, ambako anaishi hadi leo na mumewe, Bwana Qaidjohar mwenye duka la vyuma, na miaka yote hii hajachelewa ila siku moja ya mafuriko. Msituni alikwenda na rida yake, vazi la kujisitiri, ya rangi ya machungwa, viatu vya mpira na penseli mfukoni. Penseli, si kalamu, kwa sababu wino huyeyuka ukiguswa na spiriti ya kuhifadhia sampuli. Kila mgeni wa maabara huonywa jambo hilo. Mimi nilionywa mara mbili, na vichupa ishirini nilivyoharibu lebo zake bado vinatajwa kila karamu ya mwisho wa mwaka.

Kazi iliyompa jina ni kukadiria idadi fanisi. Kwa wenzetu wa usafiri na uhasibu, ambao huuliza kila mwaka na kusahau kila mwaka, nitaeleza tena. Msitu unaweza kuwa na mbega mia mbili mitini. Toa watoto, toa wazee, toa madume waliofukuzwa na dume mwenye kundi. Wakibaki madume tisa na majike tisini wanaozaa, basi kwa upande wa damu msitu huo ni sawa na wenye mbega thelathini na watatu tu. Idadi hiyo ikikaa chini ya hamsini, ndugu huzaa na ndugu na kizazi hudhoofika, hata kama kwa macho mbega ni tele.

Mimi, Jacinta Awino, niliajiriwa 2008 nikiwa na shahada ya takwimu na maringo yake. Wiki ya kwanza Bi. Sabira alinipeleka soko la Marikiti, akaniamuru nihesabu mafungu ya maembe. Yalikuwa sitini. Kisha akaniamuru nimuulize kila mchuuzi maembe yake yametoka wapi. Nani anaweza kusimama mbele ya mama wa Marikiti, aulize maswali, halafu aondoke mikono mitupu? Kufikia adhuhuri nilikuwa na vikapu viwili vya maembe, mkoba mwepesi, na jibu: mafungu yote sitini yalitoka mashamba matatu. "Shamba moja likiungua," akaniambia, "rudi uhesabu tena." Sijapata somo bora chuoni.

Mwaka 2011 aliingia katika kazi iliyomtoa jasho kuliko zote. Ng'ambo ya kivuko cha Likoni kuna msitu mdogo, Dzivani Ndogo, uliotenganishwa na msitu mkubwa jirani kwa mashamba ya mikorosho na mihogo. Mbega wake hawakuwa na pa kwenda. Bi. Sabira alitaka kujua damu yao imebaki kiasi gani, na njia ni kupima kinyesi chao, ambacho hubeba vinasaba vyao. Sampuli tisini zilikusanywa, zikavushwa kwa feri ndani ya kasha la barafu. Askari mmoja kivukoni aliomba afunguliwe, akidhani ni samaki. Alifunguliwa kwa heshima zote, na tangu siku hiyo kasha letu halijaombwa tena.

Jibu lilikuwa kumi na tisa. Tulishtuka. Wakulima wa mashamba ya kati walishtuka zaidi, na familia kumi na moja zikakubali kutoa ukanda wa ardhi yao upandwe miti ya asili, ili mbega wavuke kati ya misitu miwili. Watu waling'oa mihogo yao kwa ajili ya namba hiyo. Tuliimba na kupigwa picha.

Mwaka uliofuata, akipanga daftari za msituni, Bi. Sabira aliona kwamba sampuli arobaini na moja kati ya zile tisini zilitoka chini ya mti mmoja. Kahindi, askari wa msitu na mtu mwaminifu kabisa, ndiye aliyekuwa akizikusanya. Bi. Sabira alikuwa amemsisitizia alete zilizo mbichi tu, na kila iliyokauka ilirudishwa. Naye Kahindi akajua mbichi hazikosekani chini ya mkuyu wanakolala mbega wa kundi moja. Alitii agizo. Karibu nusu ya kipimo chetu kilikuwa cha baba mmoja na wanawe, na ukipima familia moja lazima msitu uonekane hauna damu. Bi. Sabira hakuruhusu mtu yeyote amlaumu Kahindi. Agizo lilikuwa lake, kwa hiyo kosa lilikuwa lake.

Kazi ilirudiwa kwa miezi minane, msitu mzima, mti kwa mti. Jibu sahihi likawa arobaini na sita. Ofisini tulibishana. Wako waliosema marekebisho yaandikwe kwa herufi ndogo mwishoni mwa ripoti, kwa maana idadi bado haikufika hamsini na ardhi ilishatolewa. Kwa nini kuwatibua watu? Mimi nilikuwa mmoja wao, na nasema hivyo kwa aibu. Bi. Sabira alifunga daftari, akavuka feri, akasimama mbele ya wale wakulima na kuwaambia kwamba namba aliyowapa haikuwa kweli, na kwamba aliyekosea ni yeye.

Baba mmoja aliondoka bila kuaga. Kisha Mirriam, aliyetoa kipande kikubwa kuliko wote, akauliza idadi inayotakiwa ni ngapi. Hamsini kwa uchache, akajibiwa. "Kumi na tisa, arubaini na sita, zote hazijafika hamsini," akasema Mirriam. "Miche iko wapi tupande?"

Si wote waliofuata. Familia mbili zilichukua ardhi yao, na ndiyo maana ukanda wetu una kona pale katikati ambayo wageni hutuuliza. Tisa zilibaki. Tangu hapo, kila sampuli ya kituo hiki huandikwa namba ya mti wake, na hakuna mti unaotoa zaidi ya mbili. Utaratibu huo sasa unafuatwa na watafiti wengi wanaokuja kujifunza kwetu.

Yapo mengine mengi. Umeme ulipokatika siku tatu mfululizo, Bi. Sabira alibeba sampuli mia na thelathini hadi friza ya nyumbani kwake, akazipanga kando ya sambusa alizoandaa kwa ajili ya arusi ya mpwa wake. Bwana Qaidjohar anaapa kwamba hakuna kilichochanganyika. Waalikwa hawajaambiwa mpaka leo, na tunaomba gazeti hili dogo la kituo, mnalogawiwa leo ukumbini, lisifike Kibokoni.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa kupima tena Dzivani Ndogo, sasa miti ya ukanda ikiwa imekomaa. Sampuli zilikusanywa Novemba iliyopita chini ya usimamizi wa Kahindi yuleyule, ambaye ni mkuu wa askari siku hizi. Zilipofika maabara, Bi. Sabira alinikabidhi zote na kukataa kugusa hesabu. Alisema anaipenda mno hiyo miti na wale watu waliong'oa mihogo yao. "Namba ikiwa ndogo tutaikagua mara tatu," alisema, "ikiwa kubwa tutaishukuru na kuipiga muhuri. Mimi usinionyeshe mpaka ujue ni ya kweli." Miezi miwili amepita mbele ya meza yangu akitazama ukutani. Nilijua anachoogopa: kwamba familia tisa zilitoa ardhi yao, na mbega wasivuke.

Nimeikagua mara nne, Bi. Sabira. Kyalo wa maabara ameikagua bila kujua ni ya msitu gani. Madume wawili kutoka msitu mkubwa wamevuka ukanda, na wana watoto Dzivani Ndogo. Idadi ni sitini na saba, na hata tukikadiria kwa uchache ni hamsini na mbili. Nilipoiona nililia, kisha nikaanza kukagua upya kama ulivyonifunza.

Mirriam na wenzake wamekaa safu ya mbele hapa ukumbini. Wao pia wanaisoma namba hii gazetini sasa hivi, hawakuwa wameambiwa. Asante kwa kazi yako, asante kwa siku ile ulipovuka feri. Mwenyezi Mungu akujaalie afya na raha tele nyumbani kwako. Inuka sasa uwaambie namba kwa kinywa chako mwenyewe. Hii ni ya kweli.