Mzee Funguo na Karatasi ya Mahudhurio

Kaka yangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Funguo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi mwashi na mshona nguo. Mimi ninayesoma ni kitinda mimba wao, na familia imeniomba nisome kwa upole. Nitajaribu.

Alisoma shule ya msingi hadi darasa la saba, kisha akajifunza useremala katika chuo cha ufundi.

Mwaka 1973 aliajiriwa na halmashauri ya jiji kuwa mtunza ukumbi wetu wa kijamii. Alistaafu 2011, na kesho yake asubuhi akaenda kazini kama kawaida. Safu za viti alizinyoosha kwa kamba. Kuna bibi harusi alisubiri nje robo saa nzima na shela lake, kwa sababu safu ya nne ilikuwa imepinda. Kliniki ya watoto, darasa la watu wazima, vikao, misiba, vyote alivifungulia mlango yeye.

Humo ndimo alimompata wifi yangu, mwanafunzi wa ushonaji, baada ya kuwazimia taa somo halijaisha. Wifi alimwambia, "Zima tena tuone kama utatoka na hizo funguo." Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1980.

Tarehe 21 Agosti 2021 mwekezaji mmoja alituita ukumbini, tukaambiwa ni kikao cha kusikiliza habari za ukarabati. Kaka, kwa mazoea yake, akapitisha karatasi ya mahudhurio. Aliyetaka kutoka kimyakimya alimrudisha: "Hujasaini, mama. Jina, namba ya kitambulisho, sahihi." Tulisaini watu mia mbili na kumi na wawili. Karatasi hiyo hiyo ikaambatishwa kwenye maombi ya kibali, ikaitwa ridhaa ya wakazi kubomoa ukumbi na kujenga maduka. Huo ni wizi, na sitatafuta neno la adabu zaidi.

Na baadhi yenu mliokaa hapa mlisema kaka amenunuliwa. Hakupewa hata soda. Alipita nyumba kwa nyumba akijieleza, mtu wa miaka sabini, na wengine mlimjibu kupitia dirisha kwamba hampo.

Machi 2023 alifungua kesi, akaapa kwamba karatasi ile ilikuwa ya mahudhurio tu. Novemba shinikizo la damu lilimwangusha. Kila nilipoingia wodini aliniuliza, "Wameshanielewa?" Nilimdanganya kwamba ndiyo. Alifariki tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi, wifi akiwa amemshika mkono.

Leo tumekaa barabarani kwa sababu ukumbi umezungushiwa mabati. Mwekezaji ametuma shada la maua. Wana wa kaka wamelirudisha.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu saba, na mimi. Ameacha pia kesi yake, ambayo mjane ameichukua. Itasikilizwa Jumanne, na wakili anataka waliosaini waje waseme kwa vinywa vyao walisaini nini. Mpaka jana mlikuwa mmekubali watu tisa.

Mungu ampumzishe kaka yangu. Ninyi mliosaini, basi litawasubiri hapa hapa, Jumanne, saa moja na nusu asubuhi.