Mizani ya Mlangoni: Kumuaga Nesi Eunike

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa Wilaya, Mchungaji, Mwenyekiti wa Mtaa, wazee wangu ambao nawaamkia shikamooni, watumishi wa zahanati hii, nanyi wagonjwa mlioacha foleni mje kumuaga Nesi Eunike anayestaafu:

Nimetambulishwa kama mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa nne. Basi nianze na kosa la mwanafunzi huyo.

Baba yangu mdogo, Ephraimu, aliyekaa safu ya pili pale na ameniruhusu kumtaja, anauza vifaa vya ujenzi Ngaramtoni. Tangu biashara ziachiwe huru duka lilikua, naye akakua nalo. Aliyekuwa akibeba saruji mgongoni akawa mtu wa pikapu, soda na nyama choma, hata akafika kilo mia moja na nne. Sisi tulimwambiaje? "Mangi, umenawiri!" Mwaka juzi akaanza kukohoa. Jirani yake Lesikar akamtania, "Hicho ni kikohozi cha mafuta ya mbuzi, kitateremka chenyewe." Mama mdogo Aika aliponiuliza, nilimjibu kwa majivuno ya msomi: "Kifua kikuu huwapata waliokonda. Huyu ana akiba ya mwili."

Nilikuwa nimesoma nusu ya ukurasa. Ni kweli, mwili uliokonda hushikwa upesi na kifua kikuu, na uzito wa kutosha ni kinga ya kiasi. Lakini sukari ikizidi kwenye damu, askari wa mwili hulegea, na hatari ya kifua kikuu kwa mwenye kisukari hufika karibu mara tatu ya ile ya asiye nacho, awe mnene au mwembamba. Tena tumbo kubwa husukuma mapafu juu, mtu akahema kwenye kilima kidogo, na mwenye pumu akapata taabu zaidi. Mizani peke yake itayaonaje haya?

Na hapa, waheshimiwa, ilikuwepo desturi. Mgonjwa wa kikohozi alipanda mizani mlangoni: aliyekonda akapewa kikopo cha makohozi, mnene akapewa dawa ya maji. Baba mdogo alipewa chupa tatu. Alipopungua kilo kumi na moja, tulimpongeza!

Ndipo akakutana na Nesi Eunike, ambaye mizani hakuitazama.

"Baba Nancy, usiku unaamka kunywa maji mara ngapi?"

"Nesi, nimeleta kifua, wewe unapima kiu?"

"Napima vyote. Shika vikopo viwili, cha mkojo na cha makohozi. Na usivichanganye, Mangi. Hii siyo saruji na mchanga."

Vyote viwili vilijibu: kisukari, na kifua kikuu. Miezi yote ile Nancy, wa miaka mitatu, alilala chumba kimoja na baba yake, naye akaugua. Leo wamepona kifua wote wawili, na baba mdogo huenda dukani kwa miguu. Lakini mtoto yule aliugua kwa sababu ya jibu langu, na sitaki jambo hilo lisemwe kwa upole.

Tangu hapo Nesi Eunike aliweka utaratibu: kila anayekohoa wiki tatu atoe makohozi, na kila mwenye kifua kikuu apimwe sukari. Sasa nasikia kuna pendekezo kwamba, kuanzia Jumatatu, turudi kwenye mizani, kwa kuwa maabara imeelemewa. Mheshimiwa Mganga Mkuu, imeelemewa na nani? Si hao hao tuliokuwa tukiwarudisha nyumbani na chupa? Tunamuaga mtu, au tunaiaga na kazi yake? Pendekezo hilo linangoja sahihi yako. Naomba, kwa heshima zote, ulikatae leo, kabla keki haijakatwa.

Nesi Eunike, ukoo wetu unakushukuru. Nanyi wageni waalikwa, wanene kwa wembamba, nimewasikia mkikohoa tangu nianze kusema. Asanteni kwa kunipa masikio yenu. Sasa mpeni Nesi Eunike makohozi, maana sare ya kazi haivui hadi saa kumi jioni.