Mama Yetu na Stempu Nne za Ndege

Ndugu, jamaa na marafiki mliokuja kumsindikiza mama yetu, poleni, haya ndiyo maisha yake kama baba alivyotusimulia na kama sisi watoto tulivyoyaona.

Mama alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga, akaanza shule ya msingi mwaka 1964, akamaliza sekondari mwaka 1974, na mwaka 1977 akatunukiwa stashahada ya uchoraji, msichana pekee darasani. Tarehe 3 Januari 1978 aliajiriwa Posta, chumba cha wachora stempu, ghorofa ya tatu, meza ya dirishani, akichora kwa lenzi ya mkono na brashi yenye nywele za kuhesabika.

Alifunga ndoa na baba yetu, mwalimu wa hesabu, tarehe 20 Desemba 1980, wakajaliwa watoto watatu na wajukuu watano.

Mwaka 1994 alikabidhiwa kazi aliyoipenda kuliko zote, stempu nne za kumbukumbu ya urithi wa usafiri wa anga, akashinda wiki sita kwenye banda la ndege kuukuu, akizipima kwa tepu ya kushonea ya babu, hadi fundi mmoja mzee akamtania, "Binti, hii ndege unaishonea suti?", naye akajibu, "Ndiyo mzee, tena ya harusi, hebu nishikie huo mkia."

Ndege zote nne alizielekeza kushoto, kwa sababu stempu hubandikwa pembe ya juu kulia ya bahasha, na yeye alitaka ndege iingie kwenye barua, isiikimbie. Wakubwa wakaona ndege inayotazama kushoto inarudi nyuma, wakaamuru kiwanda cha uchapaji kigeuze picha zitazame kulia, mama akapinga kwa maandishi, hakusikilizwa, na stempu zilipotoka tarehe 7 Desemba 1994, herufi za ubavuni mwa ndege zilisomeka kinyumenyume, watu wakacheka hadi magazetini. Lawama zote akabebeshwa yeye, Januari 1995 akahamishiwa chumba cha vifurushi, akakaa huko hadi alipostaafu Machi 2012, na brashi hakushika tena, hata tulipomwomba atuchoree kadi tu alisema, "Mkono umesahau, mwanangu," nasi tulijua haujasahau.

Alianza kuugua figo mwaka 2019, akawa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki, akafariki hospitalini Jumanne, tarehe 21 Mei 2024, saa nne asubuhi, baba akiwa amemshika mkono wa kulia, ule wa kuchorea.

Jana tumeletewa rambirambi kutoka ofisini kwake, zikisema kosa lake la stempu lilishasamehewa. Rambirambi tunazipokea, msamaha tunaurudisha kwa heshima zote, maana hakuna aliyeuomba. Michoro yake halisi iko pale mezani, kando ya jeneza, herufi zimekaa sawasawa, na nakala ya barua yake ya kupinga, yenye muhuri wa kupokelewa wa ofisi hiyohiyo, iko hapo pia, basi kila atakayepita kumuaga asome kwanza, na wakubwa wa ofisi waliopo watangulie.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani waliotubebea msiba huu kama wao, na wenzake wa chumba cha vifurushi, ambao miaka yote kumi na saba walimwita Msanii, wakati wakubwa walimwita karani.

Mama, hukukosea, sasa pumzika, lala kwa amani.