Kasha la Taa Saba

Fundi mwashi alipanda basi amekumbatia kasha la kompyuta, la kioo, lenye taa saba. Jumamosi, akamwambia dada aliyekaa naye, lazima amfunge shemeji yake kwenye gemu ya mpira.

"Kadi ya picha unayo? Bila hiyo mpira hauchezeki," akasema dada, kumbe ni muuza vipuri vya kompyuta. "Pesa imeishia kwenye taa," akajibu mwashi. "Ala! Wewe nyumba hupaka rangi kabla ya msingi?" "Ya mteja, hapana. Lakini shemeji akiingia kwangu, atasifu msingi?"

"Lirudishe, kaka, ununue kadi." "Nitalirudishaje? Mke wangu ameshamtumia kaka yake picha ya kasha."

Basi likasimama. Mwashi akashuka na kasha lake bila hata kutweta, maana, Mungu amsaidie, ndani hamkuwa na kitu.