Ndugu Yetu Hakuuawa na Ngisi

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake wa bandarini, nanyi wageni mliosimama na kamera pale mlangoni, familia imenituma mimi mdogo wake nisome maisha ya marehemu, shule yangu ni ya kuungaunga, nikikwama mnivumilie, ila mnisikilize hadi mwisho, kwa sababu jana televisheni imetangaza kwamba kaka yetu ameuawa na sumu ya zimwi la baharini, na mama yetu amelisikia hilo akiwa kitini anapokea pole.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1962, mtoto wa kwanza wa fundi wa kuchomelea vyuma na mshonaji wa sare za shule, akaanza shule ya msingi mwaka 1970, akamaliza 1976, na tusimpambe mbele za Mungu, hakufaulu, kwa kuwa alikuwa mtoro, akishinda gatini kutazama wazamiaji wakishuka na mipira yao ya hewa. Baba alimchapa, akachoka, akamfundisha kuchomelea, na tarehe 2 Februari 1983 akaajiriwa bandarini kuziba matumbo ya meli, kwanza nchi kavu, baadaye chini ya maji.

Tarehe 12 Disemba 1987 alifunga ndoa na shemeji yetu huyu, muuguzi, aliyemkubali kwa sharti kwamba nguo zenye shombo zisivuke kizingiti, wakajaliwa binti mmoja, ambaye ni mwalimu, na mapacha wa kiume. Hatumfanyi malaika, alikuwa mkali, alisinzia kwenye ibada hata mahubiri yakiwa mafupi, na akinuna ananuna wiki, Mungu amsamehe.

Na ngisi alikutana nao kazini, mwaka 1994, akikagua nguzo za gati la nje penye kina kirefu, wakaifuata taa yake, si hawa wadogo wa sokoni, wengine walikuwa na urefu wa mtu mzima, wakigeuka wekundu, mara weupe, mara wekundu tena, mmoja akamshika mkono, akaupapasa, akaionja glovu, akaona hapa hamna chakula, akaenda zake. Tangu hapo marehemu akawa anazama nao, akafundisha na wengine, na hakumficha mwanafunzi hata mmoja kwamba ngisi ana mdomo mgumu kama wa kasuku na akikosea anang'ata, lakini akasema kinachoua wazamiaji ni papara, mtu anaishiwa hewa kwa kutokuangalia mtungi wake, kisha anakimbilia juu kwa kasi ambayo mapafu hayaihimili.

Mwaka 2008 televisheni wakamfuata, wakamvika shati la pete za chuma, wakamwaga damu ya samaki majini, wakamwomba arushe mikono kama mtu anayekabwa, akakataa, akatulia kama alivyozoea, ngisi akamshika bega, akamwachia. Kipindi kilipotoka, jamani, kulikuwa na ngoma za mapigo ya moyo, sauti nzito inayotaja kifo kila baada ya pumzi mbili, na ukelele wa mwanamume uliomwinua mama kutoka kitini akisema, "Huyo si wangu! Wangu hata kuzaliwa alizaliwa bila kelele, mkunga ndiye aliyemlazimisha." Mzamiaji anapumua kwa kifaa alichokibana kwa meno, sasa ukelele unatokea wapi, puani?

Lakini watu waliamini, sokoni wakamwita Babu Mayowe, wazazi wakawatoa vijana wao kwenye mafunzo, na lililomuumiza kuliko yote, wanaume wenye vyuma na ndoano wakaenda kuwaua ngisi wale, wakawatupa ufukweni waoze baada ya kupiga nao picha za ushujaa, na kaka, ambaye hakutoa chozi tulipomzika baba, alisimama pale akalia. Alikwenda hadi kwa mkuu wa kipindi, akaambiwa kwa upole, "Mzee wangu, mtazamaji hawezi kukaa saa nzima kuangalia viumbe wanaoheshimiana," naye akajibu, "Basi mwambieni azime akalale."

Mwaka 2019 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo, uliosababishwa na shinikizo la damu alilolidharau licha ya kuwa na muuguzi ndani ya nyumba, akawa anasafishwa damu hospitalini, na wiki iliyopita mwandishi wa televisheni alipenya hadi wodini, akaona alama mkononi mwa marehemu, akamuuliza binti yake kama ni za ngisi. Binti akamjibu, "Hizo ni alama za sindano za kusafishia damu, kaka, kaandike hivyohivyo." Akaenda kuandika sumu. Ndugu zangu, mtu unaambiwa ukweli na mtoto wa mgonjwa, mgonjwa mwenyewe amelala mbele yako, unaukanyaga na viatu!

Marehemu alifariki tarehe 14 mwezi huu, saa tisa alasiri, kwa figo zilizoshindwa kazi, mkewe akimlowanisha midomo kwa pamba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea viti na maji, na wazamiaji wenzake mliompeleka hospitali kwa zamu. Leo asubuhi wageni wetu wa kamera waliomba ruhusa ya kurekodi, shemeji akawaambia warekodi wapendavyo, mradi maneno haya yarushwe yote, bila kukatwa na bila ngoma, wakapiga simu kwa wakubwa wao, wakarudi wakisema haiwezekani, naye akawaomba wazime, na mnaona wenyewe, zimezimwa.

Kaka, tumekusema ulivyokuwa, uvivu wako wa shule, ukali wako, kazi yako, na kilichokuua, hatukupunguza wala hatukuongeza, pumzika kwa amani.